Safari ya Krete: Mizeituni, Mboga za Mwitu na Maradhi Yetu ya Ughaibuni



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), tunaomba nafasi katika kurasa hizi tuwasimulie safari tuliyoifanya mwezi wa Novemba uliopita, sisi watu sita wa ukoo mmoja, kutoka Uingereza hadi kisiwa cha Krete katika nchi ya Ugiriki. Si desturi ya jamaa zetu kwenda huko. Likizo zetu tumezoea kuzigawa baina ya Unguja, Mombasa na Maskati na, kwa aliyejaaliwa, Makka na Madina. Lakini safari hii tulikuwa na haja nayo, na tunaamini kwamba haja hiyo si yetu peke yetu.

Haja yenyewe ni maradhi. Katika watu sita hao, mmoja ana kisukari, mmoja ana jongo, na Bi Mkubwa wetu ana baridi yabisi, ile inayovimbisha vifundo na kupinda vidole. Atakayewahesabu watu wa nyumbani kwake huenda akapata hesabu inayofanana na hii. Madaktari wanatueleza kwamba maradhi haya, ijapokuwa majina yake ni mbalimbali, yana jambo moja linaloyaunganisha, nalo ni uvimbe sugu wa ndani ya mwili.

Neno hili lisieleweke vibaya. Hatukusudii donge wala saratani. Mtu akichomwa na mwiba, mahali hapo huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Hao ni askari wa mwili waliokwenda kupigana na uchafu, na kazi ikiisha hurudi kwao. Uvimbe wa namna hiyo ni rehema. Uvimbe sugu ni ule ambao askari hawarudi, wakabaki wakipiga doria na kuharibu mishipa na viungo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mafuta yaliyojilimbika tumboni huwachochea, sigara huwachochea, usingizi mchache nao pia. Na katika baridi yabisi ya aina aliyonayo Bi Mkubwa, askari hugeuka wakavishambulia viungo vya mwenye mwili. Hospitali hupima damu na kutazama protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini. Ikipanda, hujulikana kwamba kuna moto mahali fulani.

Mtaalamu wa chakula katika hospitali yetu alimpa Bi Mkubwa karatasi yenye orodha: mafuta ya zeituni, mboga za majani, kunde na maharage, samaki, njugu, matunda, nyama kidogo. Juu yake paliandikwa kwamba hicho ndicho chakula cha watu wa pwani za Mediterania, na kwamba mfano wake ni Krete ya zamani. Bi Mkubwa aliisoma karatasi, akauliza, "Hao wenyewe wapo? Basi twendeni tukawaone wanakula nini." Ndivyo safari ilivyoanza.

MJI WA HANDAKI

Kutoka London ndege huchukua kiasi cha saa nne. Mji mkuu wa kisiwa ni Heraklion, na mgeni Mswahili akishuka hapo hapaswi kujiona mgeni kabisa, kwani jina la kale la mji huo limo katika lugha yetu.

Mwaka 818 watu wa kitongoji kimoja cha Cordoba, katika Andalusia, walimwasi mtawala wao wakafukuzwa nchini. Baadhi yao walizunguka baharini hadi Iskandaria, na baada ya miaka michache wakaondolewa huko pia. Katika miaka ya 820 walitua Krete chini ya kiongozi wao Abu Hafs Umar. Walijenga mji wakauzungushia handaki, wakauita Rabad al-Khandaq, yaani kitongoji cha handaki. Wagiriki wakalitamka jina hilo Chandax, na Waitalia wa Venice waliotawala baadaye wakalifanya Candia. Kwa hiyo neno tunalolitumia sisi kwa shimo la vita ndilo lililokuwa jina la mji huu kwa karne nyingi. Utawala wa Waandalusi hao ulidumu hadi mwaka 961, jeshi la Konstantinopoli lilipoutwaa mji.

Tuliwafikiria sana watu hao tulipokuwa tukitembea juu ya kuta nene zilizojengwa na watu wa Venice. Walikuwa wahamiaji kama sisi, tena waliofukuzwa mara mbili. Walipopata mahali pa kukaa, jambo la kwanza lilikuwa kuchimba handaki. Sisi nasi tulipofika Ulaya tulichimba handaki letu: tukailinda dini, tukailinda lugha, tukawalinda watoto. Lakini chakula hatukukilinda. Hatukudhani kwamba adui anaweza kupitia jikoni.

SOKONI NA MEZANI

Soko la zamani la Heraklion limo katika mtaa mwembamba unaoitwa kwa jina la mwaka 1866, mwaka wa uasi mkubwa dhidi ya Waturuki. Harufu yake ni ya zaatari, asali na jibini. Zimo zeituni za kila rangi, mkate mkavu wa shayiri uliookwa mara mbili, adesi, dengu na mafungu ya majani ambayo hatukuyajua.

Swali la kwanza kwa Mwislamu safarini ni nyama, na kwa kuwa hatukuwa na hakika na nyama ya mahali, tuliamua tangu siku ya kwanza kuiacha. Uamuzi huo, tuliouchukua kwa ajili ya dini, ndio uliotufungulia mlango wa chakula tulichokuja kukitafuta. Mwenye mkahawa akiambiwa "hatuli nyama" hushangaa kidogo, kisha hukumbuka chakula cha bibi yake. Akatuletea supu nzito ya dengu za manjano iliyomiminiwa mafuta na kukatiwa vitunguu. Akatuletea mkate mkavu wa shayiri uliolowekwa kwa nyanya zilizosagwa, juu yake jibini na zaatari, ambao wao huuita dakos. Akatuletea dagaa wa kuchoma na ndimu.

Zaidi ya yote akatuletea horta. Hizo ni mboga za mwitu zinazochumwa milimani na kando ya mashamba baada ya mvua za kwanza za vuli. Huchemshwa, zikachujwa maji, zikatiwa mafuta ya zeituni na ndimu, basi. Nyingine ni chungu, nyingine zina harufu ya shamari. Bi Mkubwa alitia tonge moja kinywani, akanyamaza, kisha akasema, "Mchunga huu!" Sote tukacheka, lakini kauli yake ilikuwa ya kweli. Haukuwa mchunga wetu hasa, bali ulikuwa ndugu yake kwa uchungu na kwa hadhi: mboga ya maskini isiyouzwa dukani, inayookotwa na wanawake wenye kisu na mfuko. Njiani kuelekea vijijini tuliwaona wanawake hao, wengi wao wazee, wameinama kandokando ya barabara. Binti yetu aliyezaliwa Uingereza alidhani kuna mtu amepotewa na kitu.

Konokono pia ni chakula chao mashuhuri; hao tuliwaachia wenyewe. Na baada ya kila mlo huletwa chupa ndogo ya pombe yao kama zawadi ya nyumba. Tuliweka mkono kifuani tukaomba radhi, na hapana hata mmoja aliyechukia. Badala yake tuliletewa machungwa na chai ya majani ya mlimani.

Jambo jingine la manufaa kwa wasafiri wa Kiislamu ni hili. Wakristo wa Kiorthodoksi wa huko wana mifungo mirefu, na katika mifungo hiyo huacha nyama, maziwa na mayai. Upo mfungo wa kabla ya Pasaka, upo wa kabla ya Krismasi, upo wa Agosti, na juu yake Jumatano na Ijumaa. Mwenye kuishika yote hufikia siku 180 hadi 200 kwa mwaka. Sisi tulifika mfungo wa kabla ya Krismasi umekwisha kuanza. Katika maduka ya mikate tulijifunza neno "nistisimo", maana yake chakula cha mfungo, kisichotiwa nyama wala maziwa. Hata hivyo huenda kikawa na mvinyo ndani yake, kwa hiyo ni lazima kuuliza.

WAGENI WALIOKUJA KUPIMA

Habari ya afya ya watu hawa haikuanza na kitabu cha mapishi. Ilianza na njaa. Vita vya Pili vya Dunia na uvamizi wa Wajerumani viliiacha Krete katika hali mbaya. Mwaka 1948 taasisi ya Rockefeller ya Marekani, kwa mwaliko wa serikali ya Ugiriki, ilituma watu kuchunguza maisha ya kisiwa ili ijulikane namna ya kuwasaidia. Matokeo yalitolewa katika kitabu cha Leland Allbaugh mwaka 1953. Waliona kwamba watu wanaishi kwa zeituni na mafuta yake, nafaka, kunde, mboga za mwitu, matunda na viazi, na nyama ni kidogo sana. Tena waliona kwamba wenyewe hawakuridhika. Walipoulizwa wangependa nini zaidi, wengi walijibu: nyama.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1958, Profesa Ancel Keys wa Marekani alianzisha uchunguzi wa nchi saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Walipimwa wanaume zaidi ya 12,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59, na miongoni mwao 686 walikuwa wa Krete, wengi wakulima. Baada ya miaka kumi ya kuwafuatilia, watu wa Krete walikuwa wamekufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kabisa kuliko makundi mengine, na watu wa mashariki ya Ufini kwa wingi kabisa. Ajabu ni kwamba watu wa Krete hawakuwa wakila mafuta machache. Kiasi cha asilimia 40 ya nguvu ya chakula chao ilitoka katika mafuta, lakini karibu yote yalikuwa ya zeituni, si ya wanyama.

Uchunguzi huo una wanaoukosoa, na wana haki. Wanawake hawakuwamo, na kuona mambo mawili yakienda pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Ndiyo sababu wengine walifanya majaribio. Jaribio kubwa lilikuwa la Uhispania, kwa watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Lilitangazwa mwaka 2013, kasoro zikaonekana katika namna baadhi ya watu walivyogawanywa, likahesabiwa upya na kutangazwa tena mwaka 2018. Waliopewa chakula cha Kimediterania pamoja na mafuta mengi ya zeituni au njugu walipatwa na misiba ya moyo na kiharusi kwa uchache wa kiasi cha asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta tu.

KINUNI

Siku ya nne tulipanda kuelekea vijiji vilivyo chini ya mlima Psiloritis, wenye urefu wa mita 2,456, ambao kilele chake kilikuwa kimeanza kupata theluji. Novemba ni mwanzo wa mavuno. Chini ya kila mzeituni hutandikwa nyavu, matawi yakapigwa kwa fito au kutikiswa kwa mashine, na zeituni ndogo za aina ya koroneiki, ambazo ndizo nyingi kisiwani, zikanyesha kama mvua ya mawe. Mlio wa mashine husikika bonde zima kutwa.

Jioni magunia hupelekwa kinuni. Si kinu cha punda na jiwe tena. Ni mashine za chuma zinazoosha, kusaga na kukamua. Zeituni kilo nne au tano hutoa lita moja ya mafuta. Hutoka yakiwa ya kijani kibichi na mazito, yenye harufu ya nyasi zilizokatwa. Mwenye kinu, mzee wa makamo aliyejua Kiingereza cha kutosha, alitumiminia katika vikombe vidogo, akatuamuru tunywe.

Sote tulikohoa. Mafuta mapya huwasha kooni, si ulimini. Mwenye kinu alifurahi, kwani kwao kikohozi ndicho cheti cha ubora. Tulimweleza kwamba kikohozi hicho kina historia. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Gary Beauchamp, na wenzake walitangaza kwamba kitu kinachowasha kooni huzuia uvimbe kwa njia ile ile ya kidonge cha ibuprofeni. Kidonge hicho kikiyeyushwa huwasha koo namna hiyo hiyo, na ndivyo walivyokigundua. Walikiita oleokanthali. Lakini wenyewe walitahadharisha kwamba gramu 50 za mafuta mazuri kwa siku hutoa nguvu ya kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya dozi ya mtu mzima.

Hapo ndipo Bi Mkubwa alipouliza swali lililomleta kutoka Uingereza. Hatuna budi kueleza kwamba kabla ya safari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba amechoka na vidonge vyake vya kila wiki. Jamaa mmoja alimshauri aviache, ashike mafuta ya zeituni, asali na habbasoda. Nyumba nzima ilikuwa na hofu, lakini nani wa kumwamrisha mama? Binti yetu akafasiri, "Mama anauliza, mafuta haya ni dawa?"

Mwenye kinu alifikiri, akajibu, "Mwambie mama, baba yangu alikuwa akinywa kikombe kila asubuhi, akaishi hadi miaka tisini na mbili. Lakini kila siku alitembea nyuma ya punda, kupanda na kushuka mlima huu. Mafuta mama atanunua. Na punda atamnunua wapi?" Kisha akafungua saa ya mkono, akatuonyesha kifundo kilichovimba. "Mimi mwenyewe mafuta ninayo ya kuogea, na vidonge ninameza. Daktari yuko Heraklion, nenda kamuulize."

Bi Mkubwa alimtazama kifundo, naye akamwonyesha vidole vyake. Kwa muda wa kunywa chai wale wawili walielewana bila ya mkalimani.

MTI NA MSIKITI

Kutoka Heraklion hadi Chania ni kiasi cha kilomita 140 kuelekea magharibi. Kupita Chania, katika kijiji cha Vouves, upo mzeituni ambao wataalamu wanasema haupungui miaka 2,000. Shina lake ni kama jabali lililosokotwa, ndani lina uwazi mtu anaweza kuingia, na bado unazaa. Matawi yake yalisukwa mataji ya washindi wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Sisi ambao tangu chuoni tumesoma sura yenye kiapo cha tini na zeituni, na aya ya Nuru yenye mti uliobarikiwa, tulisimama hapo kwa haya. Wazee wetu wa pwani waliusoma mti huu maisha yao yote bila kuuona.

Bandarini Chania upo msikiti mdogo wenye makuba, umeelekea maji. Waturuki waliuteka mji huo mwaka 1645, na kisiwa chote kilikuwa chini yao tangu 1669 hadi 1898. Siku hizi msikiti ni ukumbi wa maonyesho; tulisimama mlangoni, tukawaombea dua waliousali. Waislamu wa Krete, ambao wengi wao lugha yao ilikuwa Kigiriki, waliondoka kwa mafungu, na waliobaki walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1923 baina ya Ugiriki na Uturuki. Wakapelekwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuijua lugha yake.

Habari ya watu hao ndiyo iliyotugusa kuliko yote. Wajukuu wao wapo hadi leo katika pwani ya Uturuki, Ayvalık na kwingineko, na wanajulikana kwa jambo moja: mapishi yao ya mboga za mwitu na mafuta ya zeituni. Waturuki wenzao huwatania kwamba ukimkuta ng'ombe na mtu wa Krete wamo pamoja shambani mwako, mtoe kwanza yule wa Krete, kwani ndiye atakayemaliza majani. Nyumba walizipoteza, makaburi waliyaacha, lakini kisu cha kuchumia mboga walikivusha bahari.

Na waliobaki kisiwani je? Hao hawakuhama, lakini chakula kimewahama. Katika viwanja vya Heraklion tuliwaona vijana wakila mikate iliyojazwa nyama na chipsi, soda mkononi, kama vijana wa mtaani kwetu Uingereza. Ugiriki leo imo miongoni mwa nchi za Ulaya zenye watoto wengi zaidi waliozidi uzito. Wale waliosema mwaka 1948 kwamba wanatamani nyama, wajukuu wao wameipata.

TULIYORUDI NAYO

Basi tunaona kwamba chakula kile kilichowaponya watu wa Krete kilikuwa chakula cha dhiki. Hawakukichagua. Vivyo hivyo bibi zetu hawakuchagua mbaazi, kunde, mchunga, kisamvu, dagaa na vibua, ndivyo vilivyokuwapo. Hawakuchagua kutembea hadi kisimani wala kulala baada ya Isha. Hapakuwa na gari wala umeme. Neema ilipotujia ughaibuni tulidhani tumeokoka na dhiki, tukafanya pilau, sambusa, maandazi, soda na halua, vilivyokuwa vya Idi na harusi, kuwa vya kila Jumamosi. Hatuna haja ya kuirudisha dhiki. Yale yaliyofanywa kwa dhiki sasa hapana budi yafanywe kwa hiari. Na Mwislamu si mgeni wa hiari ya namna hiyo: anafunga Jumatatu na Alkhamisi, na amefundishwa kuacha theluthi ya tumbo kwa pumzi.

Haya ndiyo tunayoyafanya nyumbani kwetu tangu tuliporudi, nasi tunawashauri wenzetu:

Kwanza, siku nne katika wiki chungu chetu hakina nyama. Ni kunde, mbaazi kwa tui jepesi, adesi, maharage, au samaki. Vibua na dagaa wa makopo hupatikana kila duka kwa bei nafuu, na mafuta yao ni miongoni mwa mafuta bora kwa uvimbe. Kwa mwenye jongo hapa pana hadhari: dagaa na vibua humchochea, kama vile maini, figo na soda, yeye ashike zaidi kunde na mboga.

Pili, samli tumeiachia sikukuu. Mafuta ya zeituni bei yake ilipanda sana mwaka 2023 na 2024 kwa sababu ya ukame wa Uhispania, na si kila nyumba inayamudu. Asiyeyamudu, mafuta mengine ya mbegu yasiyoganda kwa baridi ni bora kuliko samli. La muhimu ni kupunguza kukaanga.

Tatu, sukari ya chai imetoka vijiko vitatu hadi kimoja, na soda hainunuliwi. Hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, hatufichi.

Nne, punda wetu ni miguu. Baada ya chakula cha jioni tunatembea nusu saa, mvua isipokuwa kubwa. Na sigara na shisha haviingii ndani. Madaktari wana hakika kwamba sigara huzidisha hatari ya baridi yabisi.

Tano, na tunaomba lisisahauliwe, dawa ya hospitali haiachwi kwa sababu ya chakula. Katika baridi yabisi ya Bi Mkubwa, vidonge ndivyo vinavyozuia viungo visiharibike, na kiungo kilichoharibika hakirudi. Manjano, asali na habbasoda ni vyakula vyema, lakini anayetaka kuvitumia kwa wingi amwambie daktari wake, kwani baadhi hugongana na dawa. Na anayemeza dawa na anataka kufunga, aulize kabla ya Ramadhani, si katikati yake.

Mtatuuliza, Bi Mkubwa hali yake vipi? Vidole vilivyopinda havikunyooka. Vidonge anavimeza kila wiki, tena hivi sasa bila ya kusukumwa. Asubuhi mikono hukakamaa muda mfupi kuliko zamani, na amepungua uzito kidogo. Kama ni dawa, ni chakula au ni matembezi, sisi hatuwezi kutenganisha, na yeye hajali. Nyuma ya nyumba amepanda mchicha katika ndoo, na majira ya joto anawafundisha wajukuu kuuchuma. Anawaambia wachume majani ya juu, mashina wayaache yachipue tena.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wazima wetu busara ya kuilinda afya kabla haijaondoka, na atujaalie sote mwisho mwema.

Wabillahi tawfiq.